Milioni 10 zikiingia Njoro, umpe nani azishike?

Shemeji yangu aliuza ekari tano za Njoro. Pesa ziliingia kwenye akaunti Jumanne, shilingi milioni 10 kamili, na kufikia Ijumaa alikuwa mtu mwingine mjini Nakuru. Meneja wa tawi, ambaye kwa miaka yote hakumjua hata kwa jina, alimfungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe. Dada wa bima alimfuata mpaka kanisani. Dalali wa ploti ndiye hakulala kabisa: alikuwa na picha za Lanet, picha za Kiamunyi, na picha za nyika ambayo mpaka leo sijajua iko kaunti gani. Halafu ukaja mwaliko wa heshima zaidi, aende Nairobi akaonane na kitengo cha benki binafsi, kile kinachohudumia wenye nacho.

"Shemeji," akaniambia kwa simu, "wiki hii nimenunuliwa chai mara tatu na sijaomba hata moja. Mbona naogopa?"

Mimi nilifanya kazi benki, Nakuru kwanza kisha Kisumu, kabla ya kurudi kwa ng'ombe wangu. Ndiyo maana simu za namna hii hunifikia. Wanaopiga ni walimu waliopata kiinua mgongo, wajane wa madereva, vijana wa Kakamega ambao ndugu yao yuko Marekani na anatuma dola. Karibu wote huanza na swali moja: wapi kuna riba kubwa? Nami huwauliza mambo matatu kabla ya kujibu. Baada ya KRA kuchukua kodi yake, unabaki na nini? Ukizitaka pesa kesho asubuhi, zitafika lini? Na siku usipoamka, mkeo au mumeo ataanzia mlango upi? Hilo la tatu ndilo huwanyamazisha.

Nimeyapanga hapa chini kama nilivyompangia shemeji, nikitumia zile milioni 10 zake kama kipimo.

Benki binafsi

Tuanze na walionunua chai ya bei ghali. Benki binafsi si benki nyingine. Ni mlango wa pembeni wa benki ile ile unayoijua. Ukifikisha kiwango walichoweka, na kila benki ina chake, unapewa afisa wako mmoja, namba yake ya simu, chumba chenye viti laini, na riba ya kujadiliana unapofiksi pesa, yaani kuzifunga kwa muda maalum. Ukitaka akaunti ya dola, mfuko wa nje ya nchi, au mkopo kwa dhamana ya hatifungani zako, yaani mikopo uliyoipa serikali, afisa huyo ndiye anayekukimbilia huku na kule.

Utaambiwa huduma hiyo ni ya bure. Hakuna ankara utakayoletewa, ni kweli. Lakini benki hula kwenye pengo kati ya riba inayokupa wewe na ile inayopata pesa zako zikikopeshwa au zikinunua hatifungani za serikali. Hula unapobadilisha dola. Hula kamisheni ya bima unayouziwa na kijana huyo huyo mwenye tabasamu. Sisemi ni wizi. Nasema ujue kwamba anayekushauri hulipwa na anachokuuzia, na kwamba bidhaa ambayo haimlipi, kama hatifungani unazonunua mwenyewe, haitakuwa ya kwanza mdomoni mwake.

Na kuna jambo lisilotajwa kwenye viti laini. Tangu Julai 2020, Shirika la Bima ya Amana, KDIC, humfidia mwenye akaunti hadi shilingi 500,000 benki ikianguka. Ukiwa na milioni 10 mahali pamoja, milioni 9 na nusu ziko kwenye foleni. Imperial Bank ilifungwa Oktoba 2015, Chase Bank ikafuata Aprili 2016, na zote mbili zilikuwa na wateja wenye pesa nene waliokuwa wakihudumiwa vizuri sana. Afisa wako hawezi kukusogeza mbele kwenye foleni ya mfilisi.

Kwetu huku kuna tatizo la ziada, nalo ni barabara. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 2021, Eldoret Agosti 2024, na Kisumu ni jiji tangu zamani. Hata hivyo wanaoamua mambo ya benki binafsi na ya mifuko ya uwekezaji, karibu wote, wanakaa Westlands na Upper Hill, Nairobi. Bunge lilipitisha sheria ya Kituo cha Kimataifa cha Fedha cha Nairobi mwaka 2017, kituo chenyewe kikazinduliwa Julai 2022, nia ikiwa kuvuta mali ya ukanda mzima ije isimamiwe Kenya badala ya kukimbilia Mauritius, huku Kigali nayo ikijenga cha kwake. Wazo ni zuri. Lakini ukitazama kutoka Kondele, Kisumu, usimamizi wa mali umefanana na reli ya SGR, ambayo ilifika Naivasha mwaka 2019 ikaketi kupumzika.

Kwa hiyo mtu wa Kisumu anayeingia benki binafsi leo anapata dawati kwenye tawi, mtu wa kumkaribisha, na simu ya Nairobi. Kwa milioni 10, naona hiyo ni bei kubwa kulipia tabasamu. Kwa milioni 80 zinazoingia kwa dola, kama za mkulima wa maua wa Naivasha au muuza chai ya Kericho anayelipwa ng'ambo, hesabu inabadilika. Huyo anahitaji mtu wa kubadilisha sarafu kwa bei ya kujadiliana na kumkopesha kwa wiki mbili bila kuuza alichonacho. Huyo aende.

Hatifungani kwa mkono wako mwenyewe

Hapa ndipo nilikaa na shemeji muda mrefu zaidi, maana ndipo pengo kati ya wanaojua na wasiojua lilipo kubwa.

Serikali inakopa kwa kuuza hatifungani, bondi kwa lugha ya mtaani. Zamani kununua kulikuwa na fomu, saini na safari. Tangu 2023 kuna DhowCSD, mfumo wa mtandaoni wa Benki Kuu: unafungua akaunti kwa simu ukiwa na kitambulisho, PIN ya KRA na akaunti ya benki ya kawaida, kisha unanunua moja kwa moja. Bondi ya kawaida huanzia shilingi 50,000. Asiyeamini simu, Benki Kuu ina tawi Kisumu na jingine Eldoret. Mzee mmoja wa Ahero nilimpeleka pale mwenyewe, akatoka akiniuliza kwa nini miaka yote alikuwa akimlipa mtu wa katikati.

Sasa tazama kodi. Tuseme kila mahali wanatoa asilimia 11 kwa mwaka. Nasema tuseme kwa sababu riba hupanda na kushuka, na nambari ya leo itakuwa uongo kesho. Kwenye milioni 10 hiyo ni shilingi 1,100,000. Ukifiksi benki, kodi ya zuio ya asilimia 15 inaondoka na 165,000, unabaki na 935,000. Bondi ya miaka 10 au zaidi hukatwa asilimia 10, unabaki na 990,000. Bondi ya miundombinu, ile ya barabara, maji na umeme, haikatwi kitu: 1,100,000 zote ni zako. Riba ni ile ile kwenye tangazo, lakini mkononi zinapishana kwa 165,000 kila mwaka. Hapo pana karo.

Februari 2024, serikali ilipobanwa na pesa, bondi ya miundombinu ya miaka minane na nusu ilitoka na riba ya asilimia 18.4607, bila kodi. Benki Kuu ilikuwa imepandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 13 mwezi huo huo. Tangu Agosti 2024 ikaanza kuishusha, hatua kwa hatua. Waliofiksi benki kwa miezi sita walirudi mezani wakakuta ofa imekonda. Walionunua ile bondi waliendelea kula asilimia 18, na waliotaka kuiuza njiani, riba za bondi mpya zikiwa zimeshuka chini ya yao, waliiuza kwa bei ya juu kuliko waliyonunua.

Lakini kisu hicho kina makali pande zote. Waliokuwa wameshika bondi za asilimia 12 kabla ya hapo, na wakalazimika kuuza wakati riba imepanda, waliuza kwa hasara. Bondi ni salama kwa anayesubiri iive. Kwa mwenye haraka, ni bidhaa ya soko kama nyanya za Kibuye: siku ya wingi unauza kwa bei ya huruma. Kuuza hufanyika kwenye Soko la Hisa la Nairobi kupitia wakala, na huchukua siku kadhaa. Usiweke humo pesa ya hospitali.

Shauri moja dogo la kiufundi. Kwenye fomu ya kununua utaulizwa kama unataka kutaja riba yako au kukubali wastani wa riba utakaotoka kwenye mnada wa bondi hizo. Kubali wastani. Ukijifanya mjanja ukitaja riba ya juu, ombi lako laweza kukataliwa, nawe ukakaa mwezi mzima pesa zikilala bila kuzaa.

Mfuko wa soko la fedha

Hii ndiyo MMF inayotajwa kila kona, mpaka kwenye matatu. Kampuni inakusanya pesa za wengi, inanunua hati za muda mfupi za Hazina na kufiksi benki mbalimbali, kisha inagawa faida kila siku. Unaanza na shilingi mia kadhaa, na ukitaka kutoa, pesa hufika ndani ya siku moja hadi tatu. Kodi ni asilimia 15 kama benki, na kampuni huchukua ada yake, mara nyingi karibu asilimia 2 kwa mwaka. Basi ukiona tangazo la riba, uliza: hii ni kabla au baada ya ada, kabla au baada ya kodi?

Kwa mtu wa huku, uzuri wake mkubwa ni kwamba Nairobi haikuhusu. Anayeishi Siaya na anayeishi Lavington wanapata kitu kile kile, kwa simu ile ile. Tena pesa haziwekwi mikononi mwa kampuni peke yake. Sheria inataka kuwe na mdhamini na mtunzaji, kwa kawaida benki, tofauti na yule anayeamua ziwekezwe wapi.

Ila angalia jina la bidhaa, si jina la kampuni. Cytonn ilikuwa na mfuko wa soko la fedha uliosajiliwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA. Pembeni iliuza bidhaa nyingine ya riba kubwa zaidi ambayo haikuwa chini ya mamlaka hiyo. Ile ya pembeni ndiyo iliyoingia kwenye usimamizi wa kufilisiwa mwaka 2021, na mabilioni ya maelfu ya watu yakakwama humo. Jina lililokuwa mlangoni ni moja. CMA ina orodha ya mifuko iliyosajiliwa kwenye tovuti yake, na kuisoma ni kazi ya dakika tano.

Sacco

Magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa ni nchi ya Sacco, vyama vya ushirika vya akiba na mikopo. Walimu, wakulima wa chai, waendeshaji matatu, wote wana yao. Mimi mwenyewe nilijenga nyumba kwa mkopo wa Sacco na siwezi kuitukana. Nguvu yake ni mkopo: akiba yako mara tatu, ukiwa na wadhamini. Basi asiyepanga kukopa anatumia nusu tu ya mashine.

Akiba za kukopea hazitoki kirahisi. Unaandika barua ya kujiondoa, kwa kawaida unasubiri siku 60, na kama umemdhamini mtu ambaye hajamaliza kulipa, unasubiri naye. KDIC haihusiki na Sacco. Na tuseme ukweli kuhusu KUSCCO, muungano ambao Sacco nyingi ziliweka ziada zao humo: ukaguzi uliotangazwa mwaka 2025 ulionyesha kwamba zaidi ya shilingi bilioni 13 ziliyeyuka. Kabla ya kuweka hata senti, mwulize mwenyekiti wenu siku ya mkutano mkuu: tulikuwa na kiasi gani huko, na kimefutwa kwenye hesabu au bado kimeandikwa kama mali? Akianza kukohoa, umepata jibu.

Ploti

Hapa nitasema machache, maana kila mtu tayari ameamua. Ploti hailipi kitu mpaka uijenge au uiuze. Ukiiuza kwa faida, tangu Januari 2023 kodi ya faida hiyo ni asilimia 15, si 5 tena. Ukinunua mjini, ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani. Na ziwa halisomi hati miliki: waulize waliokuwa na nyumba Mwariki wakati Ziwa Nakuru lilipopanda.

Siku mwenyewe hayupo

Sasa lile swali la tatu. Nikiwa Kisumu, alikuja mama mmoja kutoka upande wa Vihiga na bahasha ya kaki. Mumewe alikuwa mteja mkubwa, ametunzwa na afisa mzuri, akaunti nne, moja ya dola. Mama hakujua hata moja. Alijua kulikuwa na kalenda nzuri kila Desemba. Alirudi kaunta ile kwa zaidi ya mwaka, na kila mara tulimwambia kwa upole kwamba bila karatasi ya korti hatuna la kufanya. Kwa sheria tulikuwa sawa, na sikuwahi kujisikia vizuri kusema vile.

Njia ya saksesheni, yaani mirathi kortini, ni hii: barua ya chifu inayotaja warithi, maombi kortini, tangazo kwenye Gazeti Rasmi na siku 30 za mapingamizi, kisha kwa kawaida miezi sita kabla ya granti, hati ya kusimamia mirathi, kuthibitishwa ili mali igawanywe. Hiyo ni pale ambapo hakuna anayepinga. Akitokea mtoto wa nje au mjomba mwenye kiu, ongeza miaka.

Pesa zilizo benki kwa jina lako peke yako hupita njia hiyo yote, ziwe za mlango wa mbele au wa pembeni. Bondi zilizo kwenye DhowCSD vivyo hivyo, na tofauti ni kwamba zinaendelea kuzaa wakati familia inagombana. MMF pia, ingawa kampuni hukuandikisha ndugu wa karibu. Ndugu wa karibu ni wa kupigiwa simu. Si mrithi, na watu wengi hawalijui hilo.

Sacco ndiyo inayowashinda wote hapa. Sheria ya Vyama vya Ushirika inamruhusu mwanachama kumteua mtu wa kupewa akiba zake, na korti zimeshikilia mara kadhaa kwamba pesa hizo humwendea aliyeteuliwa bila kupita kwenye mirathi. Fomu moja. Shida ni kwamba wengi waliijaza wakiwa makapera, wakaandika jina la mama, na hawakuigusa tena walipooa.

Akaunti ya pamoja ya mume na mke, ambayo yeyote anaweza kutia saini, kwa kawaida humwachia aliyebaki. Wosia hauondoi korti, lakini huondoa ubishi wa nani apate nini. Na kwa mwenye mali ya kutosha kuna trasti ya familia, iliyotambuliwa wazi kwenye sheria iliyorekebishwa 2021: mali inakuwa ya trasti, nawe ukifa trasti haifi. Hiyo huhitaji wakili, na mawakili wanaoijua vizuri wapo Nakuru na Kisumu pia. Hapa ndipo benki binafsi ingeweza kumfaa mtu wa kwetu kweli, kama afisa angekuja nyumbani, akaketi na mama na watoto wakubwa, akapanga haya. Sijamwona bado. Ninaowaona huuliza kwanza kama tungependa kadi nyeusi.

Nani achukue nini

Aliye chini ya milioni moja asijisumbue: MMF na Sacco zinamtosha. Kati ya milioni 3 na 20, na huna haja ya dola, jenga benki binafsi yako mwenyewe: DhowCSD kwa kiini, MMF kwa dharura, Sacco yenye fomu mpya ya uteuzi, na wakili mmoja wa kuandika wosia. Kazi yote ni ya mchana mbili tatu. Mwenye biashara inayokopa mara kwa mara, au mwenye watoto wanaosoma ng'ambo, au aliyepita milioni 50, aende Nairobi akanywe ile chai. Ila aende na swali la ada limeandikwa kwenye karatasi, na aweke bondi zake kwa jina lake.

Mstaafu aliyekwisha kufika miaka 65 na hapendi simu, mimi humpa ushauri tofauti kidogo. Afiksi kwenye benki mbili au tatu, kwa akaunti za pamoja na mkewe, hata kama anapoteza asilimia moja. Pesa anayoielewa itamlaza usingizi kuliko bondi anayoiota.

Shemeji alisikiliza yote, akaandika kwenye daftari la maziwa. Milioni 6 zikaenda kwenye bondi za miundombinu, kwa mafungu mawili ya miaka tofauti. Milioni 2 MMF. Milioni moja Sacco, jina la dada yangu likiwa kwenye fomu kwa wino mbichi. Nusu milioni benki, akaunti ya wote wawili. Nikajumlisha, nikaona nusu milioni nyingine haionekani, nikamwuliza iko wapi. Akasema tutaongea.

Wiki tatu baadaye alinipigia asubuhi mapema. Alitaka kujua kama namfahamu sovea mwaminifu wa kwenda naye Lanet kutafuta vigingi.